Mizani ya jikoni ya shilingi 18,000, baada ya miezi mitano

Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Muuzaji alianzia 25,000, tukavutana mpaka 18,000. Ni ile nyeupe ya plastiki, vitufe viwili, mwisho wake kilo 5. Betri alizonitilia zilikufa wiki ile ile, kwa hiyo pita dukani ununue zako.

Wakati huo nilikuwa nimeshatoka kilo 86 hadi 72 kwa kula kalori 1,500 kwa siku. Kupungua nakujua. Kubaki pale pale ndiko kulikonishinda; mara mbili huko nyuma kilo zote zilirudi na nyongeza juu. Safari hii kikokotoo cha kwenye simu kikaniambia nile 2,150. Mimi fundi cherehani, kutwa nimekaa. Sijui kilidhani nabeba zege.

Nikaamua kujitafutia mwenyewe, na hapo ndipo mizani ilipojilipa. Siku ya kwanza nilimimina mafuta ya mchicha kwa macho kama kawaida, kisha nikapima: gramu 40. Hizo ni kalori kama 360, sawa na sahani yangu nzima ya ugali! Ugali nao nina utaratibu wake. Napima unga mkavu, tuseme gramu 600, ambazo ni kalori kama 2,160. Nikishasonga napima sufuria na vilivyomo, natoa uzito wa sufuria tupu. Ukitoka gramu 1,800, basi kila gramu 100 ina kalori 120, najipakulia gramu 300 zangu na watoto wanaendelea na wao. Baba Nuru alicheka wiki ya kwanza, sasa yeye ndiye anayesoma namba.

Nilipanda hadi kalori 1,950 kwa siku. Siku chache za mwanzo uzito uliruka karibu kilo nzima, nikataka kulia. Kumbe ni maji: ukiongeza wanga mwili unauweka akiba pamoja na maji yake. Niliziacha siku hizo nje ya hesabu, nikaendelea kujipima kila asubuhi kabla ya chai na kuchukua wastani wa wiki. Ndani ya wiki tatu wastani ulipanda gramu 400. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo gramu 400 ni kama 3,080. Gawa kwa siku 21, unapata 147 za ziada kila siku. Nikashuka hadi 1,800. Miezi mitatu sasa nacheza kati ya 71.5 na 72.5. Siku za kula kwa mama ntilie nakadiria tu, siwezi kwenda na mizani kwenye benchi la watu.

Kasoro zipo. Sufuria kubwa inafunika kioo, husomi kitu. Naweka bakuli limepinduliwa juu ya mizani, nabonyeza sifuri, ndipo naweka sufuria juu yake. Inajizima haraka, unageuka kukata kitunguu ukirudi imelala na hesabu imepotea. Na ukimimina mafuta polepole haioni kabisa, inabaki pale pale kama hujaweka kitu. Dawa yake: weka chupa ya mafuta juu ya mizani, bonyeza sifuri, mimina kwenye sufuria, rudisha chupa. Namba itakayotokea na alama ya kutoa ndiyo mafuta uliyotumia.

Kabla hujalipa ijaribu hapo hapo dukani. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, iweke, bonyeza sifuri, kisha itoe uweke iliyojaa ya aina ile ile. Isome 500 au karibu sana. Yangu ilisoma 501. Ya kwanza aliyonipa ilisoma 538, nikamrudishia.

Plastiki ya kitufe cha sifuri imeshaanza kupasuka na unga unaingia. Ikifa nitanunua nyingine, ila yenye kioo kilichochomoza mbele.