Abril Fatface au Playfair Display: ipi ikae kwenye bango lako?

Swali hili haliishi kwa wachapaji wa Arusha. Kwa bei hakuna mshindi: fonti (mitindo ya herufi) zote mbili ni za bure, hata kwa kazi za biashara.

Abril Fatface imefuata herufi nene za matangazo ya Uingereza ya karne ya 19: matumbo yamejaa, mistari ya kulala ni myembamba kama uzi. Kwenye bango la Barabara ya Sokoine, neno SAFARI linamkamata hata abiria wa daladala inayopita. Ila ina unene mmoja tu, na ukiipunguza iwe stika ya mlangoni, ile mistari inang'oka kabla hujamaliza kubandika. Fundi wa mashine ya kukatia stika atakununia, na ana haki.

Playfair Display, kazi ya Claus Eggers Sørensen, ina unene wa kawaida hadi mzito kabisa, na italiki (herufi zilizoinama) juu yake. Kadi nzima ya harusi inatoka humo: majina mazito, ukumbi kwa unene wa kawaida. Kwa mbali haina kishindo kile.

Jina la hoteli ukutani? Abril. Menyu na kadi za kila wiki? Playfair, lakini tarakimu za bei usiziandike kwa herufi ndogo mno.