Pia ya maji au pia ya mti? Nilichojifunza kabla ya kununua tena Kariakoo

Nilimpeleka mwanangu Kariakoo kununua viatu vya shule, akasimama mbele ya meza moja ya machinga na kugoma kuondoka. Alikuwa ameona pia, kile kichezeo cha kuzungusha, ya plastiki inayoonyesha ndani, tumbo limejaa maji ya buluu na vimeremeta. Nikalipa bila kuijaribu. Nyumbani ikageuka mara mbili tatu, ikayumba, ikalala ubavu. Tukajaribu mpaka usiku, haikusimama hata mara moja. Uso wa mtoto siku ile ndio ulionifanya nizichunguze pia kwa makini, na hapa nazipanga kuanzia ile ambayo ningeinunua tena kesho asubuhi.

Ya kwanza ni pia ya maji yenye tumbo bapa. Ndiyo, ya maji, licha ya yaliyonikuta. Bapa maana yake pana kuliko ilivyo ndefu, kama donge la chapati lililobonyezwa kwa kiganja. Ile yangu ilikuwa na tumbo refu mfano wa yai, na kosa lote lilikuwa hapo. Mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilionyesha jambo hili katika karne ya 19: alichukua maganda membamba yenye uwazi ndani, akayajaza maji na kuyazungusha. Ganda lililobapa kidogo lilisimama imara, lililorefuka kidogo likaanguka hata lilipopewa kasi kubwa. Pia ngumu ikirefuka kiasi bado kasi huiokoa. Yenye maji haiokoki, kwa sababu kila inapoyumba kidogo, maji ya ndani hukuza ule myumbo badala ya kuutuliza.

Kwa hiyo ukifika mezani, tazama umbo kabla ya rangi. Kisha itikise sikioni. Ikisikika inachapachapa kama dumu la nusu, iache. Hewa nyingi ndani huyaacha maji yatembee ovyo kabla pia haijapata kasi. Kiputo kidogo kama choroko hakina neno, maana pia ikizunguka maji hukimbilia ukingoni na hewa hubaki katikati, pale pale kwenye mhimili. Tena kwa joto la Dar kiputo hicho ni msaada: maji yakipata moto hutanuka, na pia iliyojazwa pomoni huweza kufumuka kwenye kiungo ikisahauliwa juani.

Kiungo chenyewe kipitishie karatasi ya chooni huku ukikibonyeza. Karatasi ikilowa, rudisha. Nusa vilevile. Harufu ya mafuta ya taa ni sababu ya kuondoka mara moja, kwani mafuta ya namna hiyo yakimezwa huweza kuingia mapafuni. Mtoto akiyameza asitapishwe, akimbizwe hospitali.

Halafu omba kuizungusha. Mimi husema, "Kaka, naomba niijaribu juu ya kioo," na sijawahi kukataliwa.

"Zungusha tu, mama, kuangalia bure."

Usikate tamaa mzunguko wa kwanza ukiwa mfupi. Ukiizungusha kwa vidole, kinachoanza kwenda ni ganda; maji yamekaa vile vile, na ganda hutumia nguvu yake kuyavuta. Ndiyo maana napendelea yenye uzi au ya kuvuta, inayotoa msukumo mrefu hadi maji yashike mwendo. Yakishashika, shika kijiti cha juu kwa nukta moja kisha uachie: pia itaanza kugeuka tena yenyewe, kwa kuwa maji ndani hayakusimama. Ni mchezo ule ule wa yai bichi na yai la kuchemsha. Kwangu, raha hii peke yake inatosha kuiweka juu. Na inapopunguza mwendo, chembe nzito za vimeremeta hukusanyika katikati ya sakafu ya tumbo, kama majani ya chai kikombeni baada ya kukoroga. Einstein aliandika kuhusu majani hayo mwaka 1926. Mtoto wa miaka saba anaweza kuyaona mezani kwenu.

Ya pili ni pia ya mti iliyokerezwa. Kama unachotaka ni mzunguko mrefu na chombo cha kurithishana, basi kwako hii ndiyo ya kwanza. Nenda Mwenge kwa wachonga vinyago, uulize kipande cha mpingo kilichobaki. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na uzito ndio pia inaoutaka, mradi ukae pembeni na chini. Mwambie fundi mabega yawe mapana, shina liwe jembamba, ncha iwe katikati kabisa. Ukiizungusha na ncha ikichora duara mezani, haijakaa sawa, akukereze tena.

Ya tatu, pia za kupigana zinazofyatuliwa. Chimbuko lake ni Beyblade, iliyotolewa na kampuni ya Takara ya Japani mwaka 1999, na siku hizi za kuigiza ni nyingi mno. Ni za mtoto wa miaka 8 na kuendelea. Pitisha kidole kwenye kingo za chuma, na nyumbani zipigane ndani ya beseni.

Mwisho kabisa ni pia za taa. Zinavutia, lakini ndani zina betri za kitufe, zile ndogo bapa kama za saa, na betri hiyo ikikwama kooni mwa mtoto huweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Kama mfuniko wa betri haujafungwa kwa skrubu, usinunue hata ukiongezewa ya bure.

Usipopata pia ya maji iliyo bapa, tengeneza. Chukua kopo la mafuta ya mgando, lile pana na fupi, lenye mfuniko wa kusokota. Lioshe kwa sabuni ya unga hadi utelezi uishe. Toboa katikati juu na chini, pitisha penseli fupi, ziba tundu la chini kwa gundi ya epoksi na uiache ishike. Kisha zamisha kopo lote kwenye ndoo na ufunge mfuniko humo humo majini, hewa isibaki zaidi ya kile kiputo kidogo kama choroko. Futa hadi pakauke, ziba tundu la juu na ukingo wa mfuniko, na ncha ya penseli isitokeze chini zaidi ya upana wa kidole. Ilaze usiku kucha. Watoto wataomba kuigusa kabla ya asubuhi. Iweke juu ya kabati.