Picha ya Yesu wa Huruma yenye fremu ya mbao: uchapaji mzuri, maelezo ya kusikitisha

Picha ninayoitathmini hapa ni ile ya Yesu wa Huruma, ya ukubwa wa A3, yenye kioo na fremu ya mbao, inayouzwa shilingi 45,000 katika duka la vifaa vya ibada la parokia moja jijini Dar es Salaam. Niliinunua kabla ya Kwaresima kwa ajili ya mahali petu pa sala nyumbani, ambapo wanajumuiya hukusanyika zamu yetu inapofika, na imekaa ukutani muda wa kutosha kuniwezesha kusema ubora wake na kasoro yake, ambayo kwa maoni yangu si ndogo.

Inafaa mnunuzi ajue kwanza kwamba picha hii ina sura mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ilichorwa na Eugeniusz Kazimirowski mjini Vilnius mwaka 1934, kwa maelekezo ya Sista Faustina Kowalska mwenyewe, mtawa wa Poland aliyeeleza kwamba Yesu alimtokea huko Płock tarehe 22 Februari 1931 na kumwagiza picha hiyo ichorwe. Ya pili ni ya Adolf Hyła, aliyeitoa kwa masista wa Łagiewniki, Kraków, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kama shukrani kwa kuwa familia yake ilinusurika. Sista Faustina hakuiona, kwa maana alifariki tarehe 5 Oktoba 1938 akiwa na umri wa miaka 33. Katika ile ya Vilnius, Yesu ameinamisha macho. Katika ile ya Hyła anamtazama moja kwa moja anayesali mbele yake. Inayouzwa hapa ni ya Hyła, ambayo ndiyo iliyozoeleka makanisani kwetu, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo ya macho, kwani mtu aliyelemewa na dhambi hana budi kujua kwamba bado anatazamwa.

Uchapaji ni mzuri kuliko nilivyotarajia kwa bei hiyo. Miale miwili inayotoka moyoni imetengana waziwazi, mmoja mwekundu na mwingine mweupe, tofauti na nakala nyingi za bei rahisi ambamo rangi hizo huchanganyika na kuwa mng'ao mmoja wa waridi usiomfundisha mtu chochote. Jambo hili lina uzito, kwa sababu miale hiyo ni damu na maji yaliyotoka ubavuni mwa Bwana alipochomwa mkuki, kama anavyosimulia Yohane katika sura ya 19: maji yanayotakasa na damu inayotoa uzima, ambamo Mkristo anautambua Ubatizo wake, Kitubio chake na Ekaristi anayoipokea. Alama za misumari mikononi na miguuni nazo zinaonekana vizuri, nami nashukuru hazikufifishwa, maana huruma ya Mungu haikuwa wepesi wa moyo unaopuuza dhambi. Ilimgharimu Mwana msalaba. Maneno "Yesu, nakutumainia" yameandikwa chini kwa herufi kubwa zinazosomeka hata kutoka mlangoni. Fremu ni imara, ingawa kitanzi cha kutundikia ni chembamba na nililazimika kukibadilisha.

Kasoro iko nyuma ya picha, kwenye kikaratasi kilichobandikwa hapo. Nusu yake ni Rozari ya Huruma, yaani sala ya kuomba huruma ya Mungu inayosaliwa kwa punje za rozari, iliyoandikwa kamili na kwa mpangilio sahihi, kiasi kwamba hata mgeni wa ibada hii anaweza kuisali saa tisa alasiri kwa kutumia rozari ya kawaida. Nusu nyingine inaahidi kwamba nyumba yenye picha hii haitaingiwa na maradhi, biashara itafunguka na maadui watashindwa. Hapo ndipo ninapohuzunika. Ibada hii Kanisa liliipima kwa uangalifu mkubwa: mwaka 1959 Roma ilizuia isienezwe kwa namna Sista Faustina alivyoieleza, zuio hilo likaondolewa mwaka 1978, na ilikuwa tarehe 30 Aprili 2000, siku ya kumtangaza mtawa huyo kuwa mtakatifu, ndipo Papa Yohane Paulo II alipotangaza kwamba Jumapili ya pili ya Pasaka itaitwa Jumapili ya Huruma ya Mungu. Ibada iliyochujwa hivyo haistahili kuuzwa kama hirizi.

Kibaya zaidi, kikaratasi hicho hakitaji popote maungamo, wala kusamehe, wala jirani mwenye njaa, ilhali Sista Faustina aliandika kwamba picha hii imewekwa pia kukumbusha madai ya huruma, kwa kuwa imani, hata iwe na nguvu kiasi gani, haifai kitu bila matendo. Mtumwa wa mfano wa Yesu katika Injili ya Mathayo sura ya 18 alisamehewa talanta elfu kumi, deni kubwa mno, kisha akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo la dinari mia. Angeweza kabisa kuitundika picha hii sebuleni, akasoma kikaratasi chake chote na asione neno lolote linalomhusu.

Kwa hiyo napendekeza picha yenyewe bila kusita, hasa kwa familia na jumuiya zinazotafuta nakala safi isiyo ghali. Ukishainunua, kata kikaratasi, ubaki na sehemu ya rozari, kisha uipeleke picha kwa padre ili aibariki. Kwa duka nina ombi moja, ambalo nimekwisha kuwafikishia wahudumu wake, nao walinisikiliza kwa upole: katika toleo lijalo, pale palipoandikwa habari za biashara na maadui, pachapwe ratiba ya maungamo ya parokia.