Ekstensheni ya mita 10 iliyoandikwa "13A, 3000W": nimeipima, haifikii maandishi yake

Ekstensheni hii niliinunua Kariakoo mwezi uliopita kwa shilingi 18,000, baada ya muuzaji kunihakikishia, "Chukua tu kaka, hii inabeba mpaka pasi." Ina soketi nne, swichi yenye taa nyekundu, na ubavuni imechapwa 13A, 3000W, huku kwenye ganda la waya ikisomeka 3×1.5mm², yaani nyuzi tatu zenye unene wa milimita mraba 1.5 kila moja. Siku ya pili nilichomeka birika la umeme, na maji yalipokaribia kuchemka nikaushika waya pale ulipokuwa umejikunja nyuma ya meza, nikakuta una joto kama chapati iliyotoka jikoni muda si mrefu. Badala ya kulalamika kwa hisia, niliona heri niipime.

Vifaa vilivyohitajika ni viwili tu: kipimo kidogo cha volti cha kuchomeka kwenye soketi, na mita ya kubana, ile yenye mdomo kama koleo unaozunguka waya, kwa ajili ya mkondo. Mita ya kubana haifanyi kazi ikikumbatia waya mzima, kwa kuwa mkondo unaokwenda na ule unaorudi hufutana na kioo kikaonyesha sifuri. Ndiyo maana fundi wangu alinitengenezea kipande kifupi cha waya ambacho nyuzi zake tatu zimetenganishwa, kila moja ikiwa na ganda lake, ili mita ibane mmoja peke yake.

Kwanza nililichomeka birika ukutani moja kwa moja. Volti zilikuwa 224 na mkondo ampea 8.5. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani (kiasi ambacho kitu huuzuia mkondo), yaani ohmu 26.4, na ukizizidisha unapata nguvu, yaani wati 1,904. Birika lenyewe limeandikwa wati 1,850 hadi 2,200 kwa volti 220 hadi 240, kwa hiyo halina kosa lolote. Mtengenezaji wake amesema kweli.

Kisha nikalihamishia kwenye ekstensheni, maji yakiwa kiasi kilekile. Ukutani volti zilibaki 224, lakini kwenye soketi iliyo jirani na birika zilisomeka 216, na mkondo ukashuka hadi ampea 8.2. Volti 8 zimepotelea njiani. Zigawe kwa ampea 8.2 nawe utaona kwamba waya huu, pamoja na plagi na viungio vyake, una ukinzani wa karibu ohmu moja (0.98 kwa hesabu yangu), na ukizizidisha unapata wati 66 ambazo hazichemshi maji bali zinaupasha waya. Birika lilibaki na wati 1,771, na maji yaliyochemka kwa dakika 4 na sekunde 50 sasa yalichukua dakika 5 na sekunde 12. Kuchelewa huko ni jambo dogo na wala sikuandika haya kwa sababu yake; kinachonisumbua ni zile wati 66.

Waya wa shaba halisi wenye unene wa milimita mraba 1.5 na urefu wa mita 10, ambao mkondo huupitia kwenda na kurudi, yaani mita 20, una ukinzani wa takriban ohmu 0.23. Huu wa kwangu umezidi mara nne. Nilifungua plagi, nikakwangua unyuzi mmoja kwa wembe, na chini ya rangi ya shaba ukatokea weupe. Sumaku haikuuvuta, kwa hiyo si chuma, na dhana iliyobaki ni alumini iliyopakwa shaba. Hata hivyo alumini ya unene ulioandikwa ingekuwa na ohmu 0.37 hivi, kwa hiyo ama nyuzi ni nyembamba kuliko maandishi, ama viungio ni vibovu, na nikizitazama nyuzi zenyewe naelekea zaidi kwenye lile la kwanza.

Joto linalotokea ndani ya waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha ukazidishwa kwa ukinzani. Ukiipa ekstensheni hii ampea 13 zilizoandikwa ubavuni, waya utatoa wati 165, kama pasi ndogo iliyotandazwa chini ya zulia, na fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi haitakatika kwa sababu kwake hiyo ni hali ya kawaida. Kwa upande mwingine, televisheni inayovuta nusu ampea hupoteza robo ya wati tu, na kwa kazi hiyo sina neno: soketi zinabana plagi vizuri, swichi ni imara, na urefu unatosha kutoka sebuleni hadi barazani.

Anayetaka kurudia vipimo hivi atumie kifaa cha kupasha joto, kama birika au pasi. Jokofu na feni vina mota, na volti ukizizidisha kwa ampea kwenye mota utapata namba kubwa kuliko wati halisi.

Muuzaji alikataa kuirudisha kwa hoja kwamba "inawaka", na kwa kweli inawaka. Fundi aliniunganishia nyingine kwa waya wa shaba uliopimwa kwa mita dukani, kwa gharama iliyokaribia mara mbili, nayo kwa birika lilelile inapoteza volti 2. Ile ya zamani nimeitoa fyuzi ya ampea 13 na kuitia ya ampea 3, na sasa inachaji simu sebuleni.