Kind of Blue: kabla ya kulipia santuri hii, pima upande wa kwanza

Tanga, neno "jazz" lina wenyewe. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa bendi za dansi, magitaa yakijibizana. Anayeweka Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, akitarajia hayo atamaliza santuri nzima akilisubiri gitaa, wala halimo. Humu mna tarumbeta ya Miles, saksafoni za John Coltrane na Cannonball Adderley, besi ya Paul Chambers, dramu za Jimmy Cobb na piano ya Bill Evans, isipokuwa "Freddie Freeloader" aliyoipiga Wynton Kelly. Nyimbo tano, bila mwimbaji, zilizorekodiwa New York tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959.

Sikio lililozoea chemko, pale bendi inapokaa kwenye kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) zilezile na gitaa la solo likatamba, litaielewa upesi. "So What" ina vipimo (bars) 32: 16 vya ngazi moja ya noti ya D (kwenye kinanda ni vitufe vyeupe tu, kuanzia D hadi D), 8 vilivyopanda nusu toni, kisha 8 vya kurudi chini. Mpigaji hakimbizani na kodi, kwa hiyo anapata nafasi ya kujenga wimbo. Hapo ndipo ukubwa wa kazi hii ulipo. Coltrane aliutumia muundo huohuo katika "Impressions", na "Cold Sweat" ya James Brown ya 1967 ina damu ya "So What" kwenye tarumbeta na saksafoni zake. Jarida la jazz la DownBeat liliipa santuri hii nyota tano mwaka uleule ilipotoka.

Sasa matoleo. Siku ya Machi, mashine ya tepu ilizunguka polepole kuliko inavyopasa. Tepu hiyo ikipigwa kwa kasi sahihi, sauti hupanda kwa karibu robo toni. Nyimbo tatu za upande wa kwanza, zilizorekodiwa siku hiyo, ziliuzwa hivyo zaidi ya miaka 30, mpaka tepu ya akiba, iliyokuwa na kasi sahihi, ilipoanza kutumika mwaka 1992. Anayeumia ni mpiga gitaa anayejifunza kwa kusikiliza: anakaza nyuzi zifuate "So What", akigeuza upande wa pili anajikuta juu ya kila mtu.

Kupima ni rahisi. Anza na upande wa pili: "All Blues" iko kwenye ufunguo wa G. Ikilingana na kinanda cha umeme, pleya yako ni nzima. Geuza. "So What" ikiwa juu kidogo ya D ya kinanda, hilo ni toleo la zamani. Punguza kasi kwa asilimia 3 hivi kama pleya inaruhusu. Kwa kujifunzia, nunua lililorekebishwa tu.

Unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye mifereji. Ihifadhi wima, mbali na ukuta, ndani ya mfuko wa plastiki badala ya karatasi inayonyonya maji, na isilazwe kwenye gari juani, itapinda. Ifute kwa maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukawa maji tena) na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na mwanzo wa upande. "Blue in Green" na "Flamenco Sketches", nyimbo tulivu kuliko zote, ziko mwishoni mwa kila upande, karibu na kitovu, ambako sindano hupata shida zaidi na kila mkwaruzo husikika. Mwombe muuzaji aiweke sindano hapo.