TAHADHARI: Anayeuza "udongo ulioiva" wa matangi ya samaki yenye mimea Kariakoo ni tapeli

Wadau, mnisamehe, naandika nikiwa na hasira. Samaki kumi na tatu wamekufa, wakiwemo wale samaki-malaika wawili mnaowajua. Laki moja na tisini yangu imekwenda. Nimekaa kimya wiki nzima kwa aibu, maana ni mimi huyuhuyu niliyekuwa nawakataza wenzangu kununua udongo hovyo. Lakini jana nimesikia mwenzetu wa Tabata anajiandaa kuagiza kwake, nikaona siwezi kuendelea kunyamaza.

Jumamosi ile nilifika saa nne asubuhi. Jamaa ana meza ndani ya fremu ya watu: mbele zinauzwa kava za simu, yeye yuko nyuma na tangi dogo moja, maji maangavu kama hayapo, kriptokorine, ile mimea ya majini, zimejaa hadi kwenye kioo. Lile tangi ndilo lililonimaliza. Akanivutia stuli, "Karibu dada yangu, kaa kwanza." Kijana msafi, mpole, hana papara na mteja. Mezani kulikuwa na kopo la kioo lenye udongo mweusi wa punjepunje. Akajaza glasi maji, akachota kijiko kimoja kutoka kwenye lile kopo, akamimina taratibu kabisa. Tukasubiri. Udongo ukatua chini, maji juu yakabaki safi. Akachovya karatasi ya kupimia pH, yaani uchachu wa maji, ikasoma chini kidogo ya saba. Akanipa glasi ninuse. Nikanusa. Harufu ya mvua tu. "Umelowekwa na kuanikwa mara nne, dada. Hauna tena cha kuoza humu." Kulikuwa na mama mmoja pembeni, akadakia kwamba yeye anachukua kwa mara ya tatu. Nikatuma hela kwa simu palepale. Viroba viwili vikatolewa uvunguni mwa meza, vimeshashonwa, bodaboda akapakia.

Jamani, alikuwa anajua anachosema! Alinieleza udongo unavyoivishwa, kwa nini ule wa bustani hulowekwa, ukaanikwa juani, ukalowekwa tena, kisha ukachekechwa: bakteria wapate hewa wamalize mabaki ya majani nje, ili naitrojeni isije ikatokea ndani ya tangi ikiwa amonia, sumu ya samaki. Akaeleza mfinyanzi mwekundu unavyoipa mizizi chuma. Akamtaja hadi Takashi Amano, yule Mjapani wa matangi ya mimea aliyefariki 2015. Mtu wa namna hiyo ungemshukuje? Na huu ni mwezi wa nne, masika imepamba moto. Kuanika udongo mara nne kwa mvua hii ningeanika wapi, na barazani kwangu mnakujua? Nilikuwa nanunua jua ambalo sina.

Nikatandaza sentimita nne, nikafunika kwa mchanga sentimita tatu, nikapanda valisineria, mimea ya majini yenye majani marefu, na zile kriptokorine nilizopewa. Alisema samaki waingie siku ya tatu. Mnajua wenyewe tangi jipya linataka wiki nne hadi sita bakteria wanaokula amonia wajijenge, nami najua, lakini nilihamisha sponji ya filta ya zamani, yenye bakteria wake, nikaamini itatosha kwa udongo "ulioiva". Usiku wa kwanza walikuwa juu wote, midomo kwenye uso wa maji, matamvua mekundu kama yameungua. Nilibadilisha nusu ya maji saa nane za usiku, nikabadilisha tena alfajiri. Malaika wa kike ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mwanangu aliamka akanikuta nimeshika kinyavu.

Nilipolibomoa tangi ndipo nikauona udongo wenyewe. Pumba za mpunga. Manyoya. Vipunje vyeupe vya mbolea ambavyo havijamalizika kuyeyuka. Ni udongo wa miche uliochanganywa na samadi ya kuku, ule wa kiroba unaouzwa barabarani kwa elfu chache! Nilipoudondoshea siki ukatoa povu jingi, maana umejaa chembe za matumbawe, ambazo ni chokaa. Chokaa kidogo huwekwa kwa makusudi, hiyo naijua, lakini kwa kiasi kile pH ilipanda, na pH ikipanda kwenye maji ya joto kama yetu, amonia inakuwa kali zaidi kwa samaki. Yaani alinipa sumu na cha kuikolezea.

Nilimpigia. "Dada, utakuwa ulikoroga." Nikamtumia picha za manyoya, akanifungia namba. Nikaenda hadi kwenye fremu, wauza kava wanasema alikodi kona kwa mwezi mmoja tu na hawajui alikohamia. Mtu huyu anastahili kuwekwa ndani. Si kurudisha hela tu, hapana, awekwe ndani! Amesoma kazi yetu vizuri, akaitumia kutuibia. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Hela yangu airudishe, na ya kila aliyemuuzia, na atangazwe sura yake kila soko la samaki wa mapambo hapa mjini asipate hata meza ya kuuzia karanga.

Mtamjuaje? Dalili ni hizi. Viroba havina jina wala uzito, vimeshonwa kwa mkono. Yule mama hakuuliza bei wala hakuondoka na mzigo, leo ndiyo nakumbuka. Anakuhimiza utie samaki haraka. Na kubwa ni lile kopo: alichonipimia kilitoka kwenye kopo, alichoniuzia kilitoka kwenye kiroba, na mimi sikumwambia afungue kiroba. Mwambieni afungue kiroba, achote katikati, apime hicho. Akikataa ondokeni.

Namba yake nimeshaituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Jumatatu naenda polisi na kaka yangu, halafu Tume ya Ushindani, inayolinda walaji. Nusu ya kiroba cha pili ninayo, sijaigusa, ndiyo ushahidi. Kama nawe ulinunua kwake, usimwage wako, niandikie leo.