Chandarua, dawa ya kupaka au udi: ununue nini kwanza kabla ya kwenda kwenye mbu

Anayetoka Nairobi, Njombe au Arusha mjini kwenda Kilifi, Tanga au kandokando ya Ziwa Victoria asijione mwenyeji kwa kuwa hakuvuka mpaka. Mwili usiozoea vimelea vya malaria huzidiwa haraka, kama wa mtalii. Hela ikiwa ndogo, ifuate mpangilio huu.

Namba moja ni chandarua chenye dawa. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na saa anazochachamaa ndizo wewe umelala na ulichojipaka kimeisha nguvu. Chukua kilichotiwa dawa kiwandani. Pakiti ikitaja PBO, kiambato cha kuongezea dawa nguvu, ongeza hela: mbu wa sehemu nyingi wameshakuwa sugu kwa dawa za kawaida za vyandarua, na PBO hupunguza usugu huo. Cha mstatili kina nafasi nzuri, ila kinadai vishikio vinne, na gesti nyingi hazina hata kimoja. Cha duara kinaning'inia kwenye msumari mmoja, ndiyo maana safarini kinashinda. Ubaya wake, kuta zimelala. Mguu ukigusa wavu, mbu anakuuma akiwa nje. Kwa hiyo nunua cha futi 6 kwa 6 hata kama unalala peke yako, na ukichomeke chini ya godoro pande zote. Beba kamba mita 4 au 5, sindano na uzi. Kikiwa kipya kianike siku nzima kivulini, kwani jua huharibu dawa. Jiki nayo vilevile. Chandarua kilichoandikwa "hakiuzwi", ukikikuta dukani, kiache. Kilikuwa cha mama mjamzito fulani.

Namba mbili, dawa ya kupaka. Soma kiambato, achana na picha ya mbu kwenye kopo. DEET ya asilimia 20 hadi 30 hukinga kwa saa kadhaa. Ikipita 50 muda hauongezeki kwa maana. DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, hivyo nawa viganja kabla ya kushika miwani au simu. Icaridin ya asilimia 20 haina tabia hiyo, na kinga yake inakaribiana. Mafuta ya kukinga jua hutangulia, yakikauka ndipo dawa. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe. Mfunike kwa wavu. Dar es Salaam ipake hata mchana, kwani mbu wa dengi huuma jua likiwa juu. Mlipuko wa 2019 ulilionyesha jiji hilo.

Dawa ya kupuliza ni ya tatu: puliza jioni, toka, funga, kisha ingiza hewa kabla ya kulala.

Udi wa mbu uwe wa barazani. Chumbani ukifunga dirisha unavuta moshi, ukiwasha feni moshi unatawanyika na mbu wanarudi.

Bangili za kunukia na programu za simu zinazotoa mlio wa kufukuza mbu hazimo kwenye orodha. Mlio huo haumfukuzi mbu yeyote.